Dakika Mbili Mbele ya Kuingia

Kambove, tarehe 13 mei 2025

Papa Michée,

Hii barua inakuya na Kalaba, chauffeur yangu. Kila mara camion inashuka Lubumbashi ataleta ingine na kuchukua jibu yako. Usiniambie tena «mama, tuongee ku téléphone». Ku téléphone muntu anasema kintu asubui, magaribi anakatala kama alisema. Karatasi inabakia na signature chini.

Tuanze. Siku ya posho, samedi tarehe 10, docteur Laurent alipasua na kutosha jicho ya kushoto ya farasi yangu Colonel. Ulikuwako, ulimushika kichwa. Docteur alitufundisha sisi wawili: farasi haseme fasi gani inamuuma, unamusoma ku sura. Fasi sita: masikio, jicho yenye ilibakia, mufupa juu ya jicho, misuli ya taya, mudomo, mapua. Kila fasi unaandika 0 kama iko sawa, 1 kama maumivu inaonekana kidogo, 2 kama inaonekana wazi. Sita mara mbili ni 12. Unamusoma asubui na saa kumi.

Nilifanya photocopie ya fiche ya docteur jioni ile ile, njo unaijaza tangu tarehe 11. Nilipunguza kidogo ili mbili iingie ku karatasi moja, nikakata na mukasi. Karatasi makumi mbili, fiche makumi ine, siku makumi mbili. Hakuna sababu ya kuniambia karatasi iliisha.

Na majani makavu, pima. Unamupatia kilo nane kwa siku. Asubui pima yenye ilibakia. Balance iko nyuma ya mulango, niliileta miye mwenyewe.

Nitakuya wakati nitatoshwa plâtre ya muguu, tarehe 23. Niliteleza ku ngazi ya camion. Haiume.

Unajua ule farasi ni nani kwangu. Niliuza mikate miaka kumi na moja ku mulango ya nyuma ya ile cercle ya kupanda farasi. Siku nilikuya kumununua, bwana wa bureau akaniuliza: «Mama, unamununulia nani?» Nikamujibu: «Nionyeshe kwanza mutu anapanda na muguu gani.» Nilikuwa na miaka makumi ine na moja, Colonel kumi na mbili. Leo iko na kumi na tisa. Simuache mu mikono ya bahati.

Albertine Mumba


Lubumbashi, tarehe 14 mei 2025

Mama Albertine,

Jambo sana. Pole na muguu.

Fiche iko humu ndani. Tarehe 11, tatu. Tarehe 12, mbili. Jana, mbili. Leo asubui, mbili. Docteur alipita, akaziangalia, akasema kama inabakia vile anakata calmant ya maumivu kesho, juu ile dawa ikizidi inakula tumbo ya farasi.

Nakuandikia namna niko nafanya, ili usikuwe na mashaka. Natoka kwangu Katuba, nafika ku écurie, nyumba ya farasi, saa kumi na mbili na nusu. Nikiwa bado ku barrière namupigia muluzi, juu sasa haone tena ku kushoto, sitaki ashituke. Ananijibu. Naingia upande ya kuume kwenye jicho iko, naweka mukono ku shingo, namusemesha Tshiluba kidogo. Iko anasikia Tshiluba kupita batoto yangu. Kisha njo natosha bic. Bengine hapa banamuogopa tangu operesheni, banasema atapiga. Na miye iko mupole sawa mutoto wa sakramenti.

Kintu kimoja. Kalaba alisema mbele ya bantu kama mama anauliza ku Kambove kama farasi ya jicho moja inaweza bado kubeba muntu mukubwa. Siulize kintu. Naandika tu kama nilisikia, juu wewe njo ulisema karatasi haisahau.

Michée Kabeya


Kambove, tarehe 17 mei 2025

Papa Michée,

Nilipanga namba yako ku meza, nikaziangalia mpaka chai ikapoa.

Maumivu, tangu tarehe 11: tatu, mbili, mbili, mbili, moja, moja. Inashuka muzuri, sawa ngazi ya kanisa.
Majani yenye alikula, siku zile zile: kilo sita, sita, tano, tano, ine, tatu. Na yenyewe inashuka.

Sasa niambie. Farasi hana maumivu, na anaacha kilo tano ku kilo nane? Mi sikusoma sana, nilisoma ku mikate. Kama mikate inatoka mu kitunga na franga haiingie, muntu mumoja iko nadanganya. Hapa ni moja kati ya mbili. Ao hauko naenda, unajaza fiche ku Katuba juu ya meza yako. Ile namba 2 yote uliandika iko na shingo moja na mukia moja, sawa iliandikwa siku moja na bic moja. Ao unaenda, na kuna kintu unanificha.

Na uelewe juu ya nini siko nacheka. Docteur Laurent alinitelephonea jana. Alisema hivi, nilimuandika mot kwa mot: «Mama, kama hana maumivu na hakule, basi shida haiko ku jicho. Ni mu tumbo, ao ni uzee unamumaliza. Na miaka kumi na tisa siwezi kumupasua tena. Nitakuya siku ya posho, tarehe 24. Kama iko vile vile, tutamulaza, asiteseke.» Kulaza yenye haina kuamuka.

Donc ile namba yako moja haiko namba ya kujaza tu fasi wazi. Iko namba yenye itamuua ao itamuponyesha.

Juu ya kubeba muntu mukubwa: ndiyo, niliuliza. Ule muntu mukubwa ni miye. Wapi kosa?

Albertine Mumba


Makomeno, tarehe 18 mei 2025

Tantine Albertine,

Nilifanya sawa ulisema, sikumuambia muntu. Nilitoka ku misa ya kwanza, nikaenda moja kwa moja ku écurie na viatu vya misa, na hiyo utanilipa siku moja.

Papa Michée hakuwako. Koti yake iko ku musumari, balance iko, ndoo iko, yeye hapana. Saa tatu kamili, nilitazama.

Mbele ya box, chumba ya Colonel, kulikuwa matope, njo nikapita nyuma, karibu na robinet ya maji, kwenye tofali moja ilianguka mu ukuta. Pale unaona ndani muzuri. Colonel alikuwa amenipatia upande yenye iko na pansement, ile kitambaa ya kidonda. Nikatosha fiche yako nikaanza kuandika sawa niko mu examen d'État.

Masikio: yote mbili inaangalia nyuma, ngumu. 2. Taya: unaona musuli inasimama sawa kamba. 2. Mudomo: umefungwa, kidevu imekuwa ngumu sawa ya bibi yetu akikatala kula. 2. Pua: 1. Jicho na mufupa ya juu sikuandika, juu upande ule jicho hakuna na ule mwingine sikuiona. Inafanya 7. Kichwa ilikuwa chini sana, tantine. Sikupenda.

Kisha nikasema «Eh Colonel, pole, papa», na hautaamini: akanyanyua kichwa, masikio mbele, akageuka, akakuya kunitia pua mu nywele. Tresses ya siku mbili, yote majani. Ungesema hana kintu.

Papa Michée nilimukuta ku njia nikirudia. Alikuwa na lundo ya majani mabichi ku kichwa. Akaniuliza: «Hortense, nani alikutuma?» Nikasema nilikuya kuomba maji ya robinet. Sijue kama aliamini. Viatu vyangu haikuamini.

Hortense


Kambove, tarehe 19 mei 2025

Papa Michée,

Nilituma macho yangu ingine. Siku ya Mungu saa tatu haukuwako ku écurie. Mpwa yangu Hortense alikuwako.

Yeye aliona fasi ine tu, juu ya pansement. Akapata 7 ku 8. Ukiigeuza ku 12, inafanya kumi na nusu. Yako ya asubui ile ile: moja. Moja na kumi na nusu haitoke ku farasi moja. Nilifanya ile calcul mara tatu, na mara ya ine nikampatia Kalaba, akapata sawa yangu.

Miaka saba ulimushika Colonel na nilikuita papa. Sikuulize tena kwa nini. Siku ya posho, docteur akimaliza yenye iko namaliza, utaacha funguo ya box kwa Hortense.

Albertine Mumba


Lubumbashi, tarehe 20 mei 2025

Mama,

Funguo nitaiacha. Lakini nitasema kwanza, na wewe utachunga hii karatasi sawa unachungaka zingine.

Siku ya Mungu saa tatu nilikuwa ku kijito nakata majani mabichi, juu ile makavu yako anaikatala. Hakuna muntu alinituma. Nilitoka Katuba kwa miguu, juu siku ya Mungu bisi inangojaka kwanza ijae. Kama ni wizi, andika: Michée aliiba majani ya kijito.

Sasa na miye nifanye calcul, hata kama siko mutu wa biashara sawa wewe. Mama anauliza kama jicho moja inabeba muntu mukubwa. Mama hakuye, anasema plâtre. Docteur anaweka tarehe ya kumuua. Na mara moja mpwa anakuya na 7, kwa siri, na viatu vya misa. Fiche yangu inasema farasi hana maumivu, iko mzima, aachwe. Fiche yenu inasema anateseka. Nani anatafuta farasi ateseke ku karatasi? Ni mwenye amechoka naye na anatafuta sababu muzuri.

Kama unataka afwe, sema. Usipite ku mutoto wa watu na tresses.

Kabeya


Lubumbashi, tarehe 22 mei 2025

Mama Albertine,

Ile barua ya juzi, sikuiandika na kichwa baridi. Soma hii kwanza, kisha choma ile.

Jana nilimutafuta Hortense ku Makomeno ili nimuambie uongo yake mbele ya mama yake. Akaniletea chai. Nikamuuliza: ulisimama wapi? Akasema nyuma, ku tofali yenye ilianguka. Nikamuuliza: ulimuita mbele ya kuandika? Akasema hapana, kisha. Nikaacha chai.

Saa kumi nikafika ku écurie. Sikupiga muluzi. Mara ya kwanza mu miaka saba, mama. Nikapita ku robinet, nikasimama ku ile tofali, upande ya jicho yenye haiko.

Alikuwa farasi ingine. Kichwa chini ya mabega. Masikio nyuma. Taya sawa jiwe. Alikuwa anavuta pumuzi na pua imejikaza, sawa muntu anabeba kintu kizito na hataki bantu bajue. Nikahesabu: masikio 2, taya 2, mudomo 2, pua 2. Nane ku nane. Kisha nikapiga muluzi. Akanyanyua kichwa, masikio mbele, akanitafuta na ile jicho yake moja. Nikazunguka nikaingia sawa desturi yangu, mukono ku shingo, nikasoma tena: 1.

Farasi mumoja, dakika tano. Kumbe tangu tarehe 11 nilikuwa naandika namna ananipokea, siko naandika maumivu yake. Na nilikuwa na kiburi nayo.

Nikakimbia kwa docteur. Nikamuomba nione fiche yake yenyewe. Iko na fasi sita sawa yetu. Lakini chini kabisa, kisha mapua, iko mustari moja: «Simama mbali dakika mbili, mnyama asikuone na asikusikie, mbele ya kuingia.» Ku fiche yetu ule mustari hauko. Karatasi inaishia ku pua. Sisemi nani alikata.

Docteur aliwaka. Alisema nilikuwa nasomea farasi mwenye yuko nanisalimia. Alikuya naye jana ile ile, akasimama ku tofali, akamuona, akarudisha calmant. Leo asubui alikula kilo ine. Lakini anasema tarehe 24 inabakia: atafungua pansement, na ile atakuta chini njo itasema.

Kama hauniamini, hiyo naelewa. Hata miye sikujiamini.

Michée


Kambove, tarehe 23 mei 2025

Papa Michée,

Nilifungua tiroir, nikatosha fiche ya docteur yenyewe, nione kama haukujiandikia ule mustari wewe mwenyewe.

Uko. Chini kabisa, herufi ndogo. Nilidhani ni jina ya imprimerie, wenye walichapa fiche. Ilikuwa inazuia fiche mbili kuingia muzuri ku karatasi moja, nikaipitisha mukasi. Makumi ine. Nilikuwa nimejipongeza ile siku.

Mukasi ni yangu. Ile kata ni yangu. Andika vile, ukiulizwa.

Plâtre imetoka asubui hii. Kesho niko mu camion na Kalaba. Usimuambie docteur kintu juu yangu na usimuambie Colonel kama ninakuya, hata ku Tshiluba.

Albertine


Kambove, tarehe 25 mei 2025

Papa Michée,

Jana tuliongea kidogo, juu docteur alikuwa pale na bantu ya écurie walikuwa wanasikiliza. Naandika.

Fiche yangu ya tarehe 24, saa tatu na dakika kumi, ku tofali, na saa mu mukono, dakika mbili kamili: masikio 1, taya 1, mudomo 2, pua 1. Tano ku nane. Kisha nikaita «Colonel». Masikio 0, taya 0, mudomo 1, pua 0. Moja.

Ile moja niliizungusha na bic. Miaka saba naambia bantu: farasi yangu anafurahi akiniona. Sasa sijue ngapi ya ile furaha ilikuwa kazi alikuwa ananifanyia.

Docteur alipofungua pansement na ile harufu ikatoka, nilikuangalia. Haukugeuza sura. Miye niligeuza. Ule uzi wa kushonea ulioza ndani, ule usaha, ilikuwa pale siku zote tulikuwa tunagombana na namba. Alisema siku mbili zaidi ya kuamini fiche yetu, angekuya na ile dawa ya kulaza na angemulaza farasi mwenye shida yake ilikuwa kidonda ya kuosha. Nasikia bado ile neno, kuosha.

Funguo, baki nayo. Nilimuambia Hortense. Alisema hakuitaka hata siku moja, na anadai viatu.

Nilifanya fiche mupya. Karatasi nzima, moja kwa moja, sikukata kintu. Juu kabisa, na herufi kubwa, ule mustari wa dakika mbili. Chini fasi mbili za kujaza: mbele ya kukuona, na kisha ya kukuona. Jaza zote mbili. Docteur atasoma ya kwanza. Ya pili, niletee miye.

Albertine


Lubumbashi, tarehe 27 mei 2025

Mama Albertine,

Jambo. Fiche iko humu. Leo asubui ku tofali: tatu ku nane. Kisha ya muluzi: zero. Kilo sita na nusu, na ile nusu alikula mu mukono yangu, donc usiihesabu kama hautaki. Kidonda iko safi, docteur aliosha mara mbili.

Nilijifunza kutembea bila kupiga kelele. Bengine ku écurie banasema Michée amekuwa mwizi, anapita nyuma ya ukuta na viatu mu mukono. Naachia baseme.

Kuna fiche moja sikuipatia Kalaba siku ya posho. Nakuletea sasa, ihukumu wewe.

Tarehe 24, saa tatu kamili, camion ilisimama ku barrière. Nilikuwa ku robinet, haukuniona. Ulishuka. Nikatazama saa, nikangoja dakika mbili, ulikuwa unakuya na njia ya mawe. Masikio ya bantu haigeuke, niliiacha. Macho 1. Mufupa juu ya macho 1. Taya 2. Mudomo 2. Pua 1. Saba ku kumi. Ulisimama mara tatu, ukajifanya unaangalia maua.

Kisha ukaniona. Ukasema: «Papa Michée, plâtre imetoka, niko sawa kabisa.» Zero.

Michée


Kambove, tarehe 29 mei 2025

Papa Michée,

Ulikosea calcul. Ilikuwa tisa.

Albertine